Kitukuu cha Mpiga Ngoma

Jumatatu, 6 Mei
Habari kubwa! Alhamisi tunapata wageni kutoka Vietnam. Wanakuja kwa ajili ya Ngoma za Tarna, ile riwaya ya mapinduzi ya Hungaria ya 1848 tuliyolazimishwa kuisoma shuleni. Sisi tuliisinzilia. Kule kwao, eti watu wanaililia kwenye mabasi! Halmashauri itabandika kibao "Hapa Alizaliwa Mihály Mpiga Ngoma" kwenye nyumba watakayoichagua wageni. Mihály ni mtu wa kubuniwa tu, hajazaliwa popote. Basi kwa nini asizaliwe kwangu?

Jirani yangu Jenő naye anakitaka kibao. Yeye ana ghala la zamani na masharubu mazuri. Mimi nina akili.

Jumanne, 7 Mei
Tangu asubuhi mimi ni kitukuu cha Mihály. Nimewamba ngozi ya mbuzi juu ya pipa, ngoma ya babu hiyo! Dada yangu Rozi, ninayeishi naye, amenuna kwa sababu pipa lilikuwa la kabichi yake chachu. Anasema angalau nikisome kitabu. Kurasa mia saba! Shuleni nilinakili muhtasari wa Jenő, na nikapata alama nyingi kumshinda yeye mwenyewe.

Jumatano, 8 Mei
Jenő amekuja na vimkate vya jibini na uso wa upole. Amekata tamaa, anasema, bora ushindi uende kwa jirani. Kisha akaninong'oneza: "Ferkó, ndugu yangu, wale watu usipogonganisha nao glasi za bia, umewatukana. Usije ukatuaibisha."

Sisi Wahungari bia hatugonganishi. Waustria waligonganisha zao siku walipowaua majenerali wetu, baada ya kuyazima mapinduzi, na babu zetu wakaapa kutogonganisha tena. Lakini kiapo kilikuwa cha miaka mia na hamsini, na imeshapita! Nimemkumbatia Jenő. Nusura nilie.

Alhamisi, 9 Mei
Walijaa uani. Kiongozi wao ni Mama Thuy, mwalimu mstaafu aliyesoma Budapest ujanani. Kihungari chake kinakishinda cha diwani wetu. Waliligusa pipa kwa heshima. Mmoja alitokwa na machozi (inawezekana ni kabichi). Kibao kilikuwa changu! Nikamimina bia, nikainua glasi yangu, nikaigonga ya Mama Thuy kwa furaha yote. Kli!

Mama Thuy akaweka glasi mezani. Akasema taratibu, "Mwanangu, Mihály aliivunja glasi yake mkononi, akakataa kuigonganisha na maadui. Aliyegonganisha ni Lénárd. Yule msaliti."

Wote wanaijua sura hiyo ya riwaya kwa moyo! Jenő alikuwa amesimama nyuma yao, anatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Wakahamia ghalani kwake, na kibao amekipata yeye. Hata bia sikumaliza. Nimeumia, nasema kweli.

Ijumaa, 10 Mei
Nimeamka na wazo! Nimewakimbilia wageni wakiwa kwenye chai, nikapiga magoti. Nikakiri kwamba nilidanganya kwa aibu, kwamba mimi ni kitukuu cha Lénárd, na jana damu ilinisaliti.

Shangwe! Mama Thuy alinishika mikono yote miwili. Vitukuu vya shujaa, anasema, amekutana navyo kila kijiji, lakini cha msaliti hajawahi kukiona. Wengine wakapiga picha na mimi, wakanizomea kwa upendo. Kesho jioni wanakuja kwangu na mienge na nyimbo kuigiza sura ya mwisho, ile inayotokea nyumbani kwa Lénárd. Jenő atabaki na kibao chake, akiangalie!

Rozi ameniuliza kama najua sura hiyo inaishaje. Nimemjibu nitaona kesho, raha ya maigizo ndiyo hiyo. Akaniwekea kitabu mezani, kimefunuliwa kwenye sura hiyo. Nimekitumia kuegemeza dirisha.

Jenő ameleta mkokoteni mzima wa mabua makavu, bure, ili wageni wapate pa kukalia. Tumeyapanga pamoja ukutani, kuzunguka nyumba yote. Kumbe ni mtu mwema, nilimdhania vibaya. Rozi naye anajaza ndoo za maji na kuzipanga mlangoni. Sijui anataka kudeki nini.