Chokoleti Nyeupe Bafuni kwa Baba Mkwe

Leo nimemwogesha baba mkwe wangu kwa chokoleti.

(Msirukie mwisho wa barua. Sikumshika. Yaani, sikumshika kwa kukusudia.)

Kamwene, wenzangu wa Iringa. Mnamkumbuka yule mwalimu wetu Mzungu wa upishi, aliyetukataza kuonja unga mbichi? Alirudi kwao, na wiki iliyopita nimepata kifurushi chake posta hapa Mbeya. Ndani mna kipande kikubwa cha chokoleti, nacho ni cheupe! Cheupe kama chokaa! Na karatasi ya maelekezo: keki ya tope. Nilisoma mara tatu. Tope! Tena tope jeupe!

Hapo udadisi ukanishika. Chokoleti ikiwa nyeupe, uchokoleti wake uko wapi? Nikaonja kona moja kuutafuta. Sikuuona. Nikaonja ya pili. Kufika juzi kona zote nne zilikuwa zimekwisha na jibu sina. Nikaona bora nikifiche, nisikione hata mimi mwenyewe. Nikakifunga kwa gazeti, nikakitia kwenye kopo la sabuni (nani anadokoa sabuni?), pembeni ya kipande cha sabuni nyeupe kilichofungwa kwa gazeti hilohilo.

Hilo ndilo kosa. Mengine yote ni watoto wake.

Leo asubuhi baba mkwe kaja kutoka Tukuyu, mara yake ya kwanza kwetu Ilomba. Kule walishamjaza maneno: mwanao kaoa Mhehe, tena aliyesoma, na aliyesoma hana heshima. Alikuwa anakuja kujionea. Nilijua akirudi atasema neno moja tu, na hilo ndilo nitakaloishi nalo. Na heshima kwa Wanyakyusa, kama hamjui, ni hii: baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawasemezani. Yeye akitokea njia hii, wewe unajitosa kwenye mahindi.

Nilijipanga, jamani! Nikapasha maji, nikayapeleka kwenye bafu letu la mabanzi kabla hajaingia, nikaweka na sabuni, nikakimbilia jikoni. Mume wangu, Ambakisye, akamwonyesha bafu, akaenda zake Mbalizi kutafuta kuku. Nami nikaanza keki. "Yeyusha chokoleti pamoja na siagi," karatasi inasema. Nikayeyusha. Nikakoroga. Likaja povu.

Nikasema, ehee, kumbe ndivyo tope linavyoanza. Nikakoroga zaidi. Povu likapanda mpaka ukingoni. (Nina mafua tangu Jumatatu. Pua yangu haitofautishi kahawa na moshi.) Nikaonja.

Sabuni!

Na wakati huohuo, kutoka bafuni: "Ambakisye! Sabuni ya mjini mbona haina povu?"

Ambakisye hayupo. Mimi ruhusa ya kujibu sina. Nikamsikia anasugua kwa nguvu zaidi. Kisha: "Ambakisye! Mbona naganda?"

Kweli alikuwa anaganda. Mnaijua baridi ya huku mwezi wa sita, mafuta ya kupikia yenyewe unayachimba kwa kisu, sembuse chokoleti mwilini. Na bafu letu halina paa.

Nikakimbilia kwenye ua wa matete. Upande wa pili jirani yangu, Mama Sekela, alikuwa anachambua maharage.

"Mama Sekela, nisaidie! Mwambie baba ile si sabuni. Ni chokoleti ya keki."

"Baba!" akapaza sauti. "Mkweo anasema hiyo si sabuni, ni chokoleti ya keki!"

Kusugua kukakoma bafuni.

"Mwambie chokoleti naijua. Ni nyeusi."

"Anasema anaijua, ni..."

"Nimesikia! Mwambie na nyeupe ipo."

"Na nyeupe ipo, baba!"

Halafu sauti ya mtu anayelamba.

"Mwulize mbona haina ladha ya chokoleti."

(Wenzangu, si ndilo swali langu la wiki nzima?)

"Basi atajibu baadaye," akasema baba mkwe. "Sasa hivi mwambie maji ya moto. Haya yamepoa."

Ningemtuma Mama Sekela, lakini alikuwa ameshalalia maharage yake kwa kicheko. Nikajifunika kitenge uso mzima, nikabeba ndoo, nikaenda kinyumenyume, ili hata kwa bahati mbaya nisione kitu. Naye baridi ilikuwa imemshinda. Akajifunga taulo, akatoka kuifuata ndoo. Na kwa kuwa ni mtu wa heshima, akatoka kinyumenyume.

Migongo ikagongana.

Ikagongana na ikanata! Kitenge changu kiling'ang'ania chokoleti ya mgongoni kwake kama kimepigwa gundi. Mimi navuta huku, yeye anavuta kule, na hakuna anayegeuka.

"Mama Sekela!" akaita, tuko kisogo kwa kisogo. "Mwulize, ameniona?"

"Umemwona?"

"Mwambie sijaona kitu."

"Hajaona kitu, baba!"

"Mwambie na mimi sijaona. Na mwambie Tukuyu nitasema hivi: nimeganda, nimenata, na bado mtoto wa watu hajanisemesha hata neno. Huyo heshima anayo."

Nilitaka kulia kwa furaha, ila nilikuwa bado nimenata.

"Na mwulize," akaongeza, "keki bado ipo?"

Chokoleti iliyobaki ilikuwa ileile ya bafuni. Nikaiosha, nikaiparua juu, nikaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ikatoka tope kweli, zito, lenye majimaji katikati. Baba mkwe kala vipande vitatu, Ambakisye akimpelekea kimoja kimoja. (Mimi nimekula viwili. Uchokoleti bado nautafuta.) Cha mwisho nikampelekea Mama Sekela, kwa shukrani. Akakitazama, akanirudishia sahani.

"Keki yako nzuri, mwenzangu, lakini mimi nimeona ilikopita."