Kabati la Dhahabu la Patroni Fiacre

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku kubwa! Leo nimepewa depo.

Nieleze vizuri, ili siku moja wajukuu wasome bila shida. Kuna mchezo wa kompyuta tunaocheza kwenye sali ya Isidore, ukumbi wa michezo ulio hapa Bunia, nyuma ya soko. Unaitwa Milango Saba. Unaingia pangoni, unapiga mashetani, yanadondosha vitu: panga, kofia, mawe, pete. Kucheza ni bure. Mahali pa kuweka vitu ndipo penye bei. Unapewa makabati manne madogo, yakijaa ununue mengine. Yangu yalijaa mwaka jana.

Kundi letu ni watu watatu. Mimi. Kamate, tutamfikia. Na Yaya Joyeuse, fundi wa kushona, kiongozi wetu. Namwita yaya kwa sababu ni mkubwa wangu, na kwa sababu anastahili. Shetani akianguka vitu vikatapakaa, mimi naokota vyote. Yeye anatazama mara moja, anaokota kimoja, na hicho kimoja ndicho chenyewe. Sijawahi kuona jicho kama lile.

Jana tulipata Pete ya Mto. Ndiyo inayofungua mlango wa saba, na Joyeuse ameitafuta tangu Pasaka. Jumamosi tunaingia. Kamate yuko Nyankunde, anamuuguza mjomba wake, basi pete nimekabidhiwa mimi pamoja na vitu vyote vya kundi, ndiyo depo yenyewe. Joyeuse alisema mbele ya sali nzima: "Fiacre, weye utachunga depo ya siye yote." Mambo yakienda vizuri hadi Jumamosi, kazi inabaki yangu. Kamate anaitaka sana. Pole yake.

Jumanne, 4 Novemba

Wiki hii makabati yamepunguzwa bei, mwisho Jumapili. Nimeuza simu yangu ya pili. Inatosha kabati moja. Lipi sasa?

Nilimfuata Joyeuse kwenye cherehani yake kuomba shauri. Hakuacha hata kushona. Alisema ninunue kabati la mawe: linapokea mawe na sarafu za kila aina, kila kitu na kiti chake, na nusu ya fujo yangu itaisha siku hiyohiyo. Nusu nyingine, alisema, ni ya kutupa. Kabati la ramani lingoje. Kabati la duka nisiliguse, maana mimi si mfanyabiashara. Kabla hajamaliza pindo moja la sketi, mambo yote yamepangika. Akili ya ajabu! Nilirudi kwa Isidore nikiwa nimeamua kabisa.

Nimenunua kabati la duka.

Aliyeliona atanielewa. Kwanza, linapakwa rangi. Nimelipaka dhahabu. Pili, linaandikwa jina: DEPO YA PATRONI FIACRE. Tatu, ukiweka kitu ndani, dunia nzima inakiona na inaweza kukinunua. Mpango ni huu: nauza vitu vya zamani, napata sarafu, sarafu zinaninunulia kabati la mawe. Joyeuse anapata alichoshauri, mimi nabaki na dhahabu.

Baadaye. Isidore anasema sarafu za ndani ya mchezo hazinunui makabati. Anasema imeandikwa. Nimetazama. Imeandikwa, tena kwa herufi kubwa kiasi.

Jumatano, 5 Novemba

Hakuna kiliya hata mmoja, hakuna mnunuzi. Duka zuri, mlango wazi, kimya.

Kamate amerudi. Mjomba anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu. Aliketi, akafungua makabati yake, yale manne ya bure. Nilichungulia. Mawili matupu! Mtu anacheza miaka yote hii na bado ana nafasi! Nakiri ni usafi wa kupendeza, japo unaniuma. Aliuliza kwa upole vile viatu vya mchawi kwenye depo yangu ni vya nani, maana kati ya wahusika wangu wa mchezoni sina mchawi. Nilimjibu kwamba siku moja nitakuwa naye. Akaitikia kwa kichwa. Upole wa Kamate ni silaha.

Baadaye nilimsaidia Shangazi Elisabeth sokoni. Anauza samaki wa Kasenyi. Jirani zake wana samaki walewale kwa bei ileile, lakini watu wanajaa kwake. Kwa nini? Nilimwangalia kwa makini, na ni mtu wa kuangaliwa. Akishafunga samaki, mkono unarudi kwenye beseni wenyewe, bila yeye kutazama, unachukua kadogo kamoja na kukaongeza juu. Matabishi! Nilimuuliza kama haimtii hasara. Alinijibu, "Kiliya hakumbukaka bei. Anakumbukaka matabishi."

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Shule zote nilizokaa, hakuna aliyenifundisha kitu kama hicho.

Alhamisi, 6 Novemba

Ushindi! Asubuhi mtu alikuja kununua upinde mbovu. Kwenye dirisha la kubadilishana aliweka sarafu yake, mimi nikaweka upinde, na juu yake nikaongeza kajiwe. Aliganda. Akaandika alama ya kuuliza. Nadhani huko kwao hawajui matabishi. Kisha akaleta rafiki yake. Rafiki akaleta wengine. Kufika mchana kulikuwa na foleni mlangoni kwangu, na Isidore aliwaita watu waje waone. Vitu vya mwaka jana vinatoka! Hata viatu vya mchawi vimetoka!

Matabishi nayachota kwenye kabati la nne, pembeni, penye vitu vidogovidogo. Kama shangazi: mkono tu, bila kutazama. Ukitazama, choyo kinaingia.

Joyeuse alipita baada ya kazi. Alisimama nyuma ya kiti changu muda mrefu, halafu akasema depo sasa inapumua, na kwamba hakutegemea. Yeye! Kwangu! Kamate alisikia, akanipa mkono wa pongezi. Nilimwonea huruma kidogo.

Ijumaa, 7 Novemba

Pete haipo.

Joyeuse alituma ujumbe asubuhi kwamba niiweke tayari. Nikafungua depo. Nilikuwa nimeificha mahali pa akili, katikati ya takataka ambazo hakuna mwizi angezitamani. Vitu vidogovidogo. Kabati la nne. Pembeni.

Nimekaa. Nimekunywa maji. Nimefungua tena. Haipo.

Mpango wa kwanza: kuwaandikia bakiliya wote wa jana. Wengi hawakujibu. Mmoja alinitumia picha ya mbuzi anayecheka. Mpango wa pili: nilimwambia Joyeuse kwamba nimesikia kesho hakutakuwa na umeme. Alijibu kwamba Isidore ana batri mpya, alishamuuliza tangu Jumatatu. Mwanamke huyu anafikiria kila kitu! Mpango wa tatu: kusema Kamate aliigusa. Niliandika ujumbe mzima, na ulikuwa mzuri, mtu angeuamini.

Kisha Kamate akavuta kiti. Alikuwa ameuona uso wangu. Hakuuliza nimefanya nini. Alianza tu kutafuta pamoja nami, kabati kwa kabati, kitu kwa kitu, mpaka Isidore alipotufungia mlango. Nikafuta ujumbe.

Naogopa. Si kwa ajili ya kazi tu. Joyeuse ameingoja kesho tangu Pasaka, na aliyeishika pete ni mimi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilimwambia kabla hajakaa. "Yaya, pete haiko. Niliipatia kiliya, matabishi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua ile futi ya kupimia shingoni, akaikunja polepole, akaitia mfukoni. Kamate alitazama chini.

Hapo ujumbe ukaingia dukani kwangu. Mtu wa Mwanza, anaandika Kiswahili cha redio: "Samahani ndugu, niliponunua kofia uliniongezea pete. Je, ulikosea?" Nilipiga magoti palepale, sioni haya kuandika. Watu waaminifu bado wapo! Lakini pete hiyo ukishaivaa haivuliki, na yeye alishaivaa. Mlango unamfungulia aliyeivaa tu, pamoja na wenzake. Na unapokea watu watatu, hauongezi.

Joyeuse alitazama skrini, akamtazama Kamate, akanitazama mimi. Niliondoka kwenye kiti mwenyewe, mtu wa Mwanza akachukua nafasi yangu.

Basi niliona vita nikiwa nimesimama nyuma yao. Mungu wangu! Joyeuse anapigana kama anavyoshona: kwenye kona taratibu, kwenye mstari mbio. Kamate alikuwa na dawa inayotakiwa kila ilipotakiwa, anaitoa bila kuitafuta. Mtu wa Mwanza alikufa mapema, akaomba radhi kwa adabu. Shetani wa saba alipoanguka sali nzima iliimba. Mimi nililia. Sijui kama ni furaha au ni kile kiti, lakini nililia sana.

Shetani alidondosha Taji. Vitu vingine vilitapakaa chini, vizuri vizuri, na Joyeuse hakuvigusa. Aliokota Taji tu. Akampa Kamate alichunge, pamoja na depo yote.

Alipotoka alinishika bega. "Weye iko mutu muzuri, Fiacre. Lakini kitu ya watu, usishike tena."

Jumapili, 9 Novemba

Nimetafakari misa nzima. Padri alihubiri kitu, sikushika ni nini.

Nani alifungua mlango wa saba? Mtu wa Mwanza. Nani alimleta? Matabishi. Matabishi yalitoka wapi? Kwenye duka. Kwa hiyo kabati nilichagua vizuri tangu mwanzo. Joyeuse ni mtu mkubwa na ataliona hilo akipumzika.

Bei ya chini inaisha leo. Nimeuza redio. Nimenunua kabati la pili la duka, la zambarau, nikaliandika DEPO YA YAYA JOYEUSE. Heshima tupu.

Kwa Isidore nilimkuta Kamate anahangaika. Vitu vya kundi vimejaza makabati yake, na Taji ni kubwa, linakula nafasi ya panga sita. Anataka kupanga upya na hana pa kuliweka. Nilimwambia, kwa upendo, kwamba nina kabati jipya, tupu, safi. Alisita. Alitazama mlangoni kama Joyeuse anakuja. Nikamwambia alinisaidia Ijumaa na mimi sikumshukuru, aniache nimshukuru. Mwisho alikubali: mpaka jioni tu, na nisiliguse.

Sijaligusa. Limekaa katikati, peke yake, chini ya jina la Joyeuse. Linang'aa! Bei sikuandika. Ni la kutazamwa tu, dunia ijue kiongozi wetu ni nani.

Mtu mmoja ameuliza bei. Siuzi, bila shaka. Lakini ameuliza vizuri, na kumnyamazia kiliya aliyesimama mlangoni si tabia yetu. Namjibu tu.