Ufunguzi wa Kituo cha Mwanafunzi Kamili, na Habari ya Nahodha Asiye na Mashua

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Halvern, pamoja na mama Meya. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Elimu ya Wilaya. Waheshimiwa wajumbe mliofika, na ninyi mliotuma udhuru, ambao nawatambua kwa uzito uleule. Wachungaji wetu wanne wa Kimennonaiti, hata kama wawili kati yenu hamsalimiani. Kamanda wa Zimamoto ya Kujitolea. Kina mama mliooka mikate ya nyama na kabichi inayonukia mpaka hapa nilipo. Wazazi, wanafunzi na wapenda maendeleo wote wa Kansas: pale itifaki ilipozingatiwa mjipongeze, na pale ilipokosewa mniachie mimi. (Makofi.)

Mimi, Dokta Thurlow Penner, Mkurugenzi wa Elimu wa Wilaya hii kwa mwaka wa kumi na moja mfululizo, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu uliosifiwa mno katika ripoti zangu, ili kufungua rasmi Kituo cha Mwanafunzi Kamili. (Makofi. Mbwa anabweka.)

Ndugu zangu, tatizo lilikuwa nini? Tatizo lilikuwa alama. Watoto wetu walikuwa wakipata alama nzuri kupita kiasi, halafu wakiomba nafasi katika vile vyuo vikuu vya Mashariki vinavyochagua wanafunzi kama bibi harusi anavyochagua shela, wanarudishiwa barua za pole. Ndipo ofisi yangu, kupitia mchakato shirikishi niliouendesha peke yangu, ikabaini kwamba vyuo hivyo havitaki mtoto anayejua tu, bali anayejua na kuongoza na kuimba na kujitolea na kuruka viunzi. Tukapitisha sera: alama asilimia arobaini, shughuli za nje ya darasa asilimia sitini. Na takwimu zinajieleza zenyewe, kwani tumetoka vilabu vitatu hadi hamsini na tatu, katika shule yenye wanafunzi mia moja tisini na wanane, na hivi ninavyozungumza tunao wenyeviti mia mbili na kumi na wawili. (Sauti: "Na wanachama je?") Wanachama watashughulikiwa katika awamu ya pili. (Kicheko.)

Sasa nimzungumzie binti mmoja, maana kuna maneno yanazagaa kule mkahawani. Ni Ottilie Krehbiel, mtoto wa Arlo, yule fundi wa mashine za kuvunia. Mama yake, Bi. Leona, namwona mstari wa tatu, amekunja mikono. Ottilie alikuwa na A katika kila somo tangu darasa la tisa. Alipokuja ofisini kwangu wakati wa kuomba vyuo, nikamuuliza, "Binti yangu, ukitoka shule unafanya nini?" Akasema, "Niko kwenye ghala la nafaka, Dokta. Napima malori ya ngano na kuangalia unyevu." Nikamwambia kwa upendo wa baba, "Hiyo ni kazi. Kazi si shughuli." Akauliza, "Kwani tofauti yake nini?" Nikamweleza kwamba shughuli ni jambo ambalo lisipofanyika, hakuna atakayegundua. (Kicheko.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo, nikampa unahodha wa Timu ya Makasia ya Halvern, na ofisi yangu ikauandika katika barua ya shule kwenda chuo cha Mashariki alichokiomba, bila yeye kusumbuliwa. (Bi. Leona: "Bila kuambiwa!") Bila kusumbuliwa, mama.

Mwezi wa pili chuo kikamtuma mhitimu wake mmoja anayeishi Wichita, Bi. Philippa Strand, aje kumsaili. Mama huyo aliwahi kupiga makasia mwenyewe, jambo ambalo upembuzi wetu yakinifu haukulitarajia. Walipokaa tu mkahawani akasema, "Nahodha mwenzangu! Mashua yenu inachukua watu wangapi?" Ottilie, na nasema haya kwa masikitiko, akaweka kikombe chini akajibu, "Samahani, mama, mashua gani? Mto wetu una maji wiki mbili kwa mwaka, na wiki hizo ng'ombe ndio wanaogelea." Yule mama akatoa barua yetu. Binti akaisoma mara mbili, uso ukamwiva mpaka masikio, akasema, "Hii si yangu. Mimi napima ngano." Basi wakaongea ngano saa mbili nzima, na nasikia mgeni akaomba apelekwe akaione mizani.

Chuo kikaniandikia. Nikakijibu kwa kurasa nne kwamba mashua ipo katika hatua ya kuhamasisha wadau. Nacho kikarudisha mistari mitatu: hakina shaka na binti, kina shaka na shule, na karatasi yoyote yenye muhuri wetu, zikiwemo alama, hakiwezi kuitegemea. Akakataliwa.

(Bi. Leona, amesimama: "Mwanangu alilia siku tatu, Thurlow! Zile A zilikuwa za kweli! Ndicho kitu pekee cha kweli kwenye bahasha yako!") Mama Krehbiel, keti, hisia zako zimepokelewa. Lakini tuongee kitakwimu: chuo kile hukataa waombaji tisini na sita katika kila mia, kwa hiyo binti yako amefikia kiwango cha kitaifa. (Watu wanazomea.)

(Ottilie, kutoka nyuma: "Dokta, naomba niseme.") Sema, nahodha. Yaani, sema, binti yangu. ("Nimepata nafasi chuo cha jimbo, nitasoma udongo na nafaka. Fomu nilijaza mwenyewe, mezani kwa mama. Pale kwenye shughuli nikaandika: napima ngano. Naondoka mwezi wa nane. Ila hawa wanaokuja nyuma yangu, Dokta, nakuomba, usiwajazie fomu." Makofi marefu. Kofia zinarushwa.) Makofi hayo nayapokea kwa niaba ya ofisi.

Semeni nami: Mwanafunzi Kamili! (Mbwa anabweka.) Mwanafunzi Kamili, hoyee! (Mtu mmoja: "Ngano, hoyee!") Alama bila vilabu ni nini? (Wengi: "Ni alama!")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Bwana Unruh aliyetuazima kona hii ya shamba lake hadi saa tano, maana saa tano mashine inaingia kuvuna. Nawashukuru kina mama kwa utepe, ambao nitaukata hivi hivi hewani, kwa sababu wenye macho mmeshaona kwamba nyuma yangu ni ngano tu. Kituo hakijajengwa, ramani haijachorwa, na kibali hakijaombwa wala hakitaombwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mwalimu Agnes Toews, aliyekubali darasa lake la hisabati ya juu lifutwe mwaka mzima ili chumba chake kitengwe kwa ajili ya Kituo. Wazazi wameniuliza kama sasa, kwa kuwa Kituo hakijengwi, darasa litarudi. Haliwezekani hilo, ndugu zangu. Chumba kile ni cha Kituo.