Sutan Apelekwe Pekanbaru

Kwa heshima zote, Datuk Rajo Malano, mkuu wa ukoo wetu, mdogo wangu wa tumbo moja niliyekuogesha mtaroni,

Assalamu alaikum. Natumai magoti yako yamepata nafuu na umeacha kula utumbo wa ng'ombe usiku. Sisi huku tu wazima. Bata wanataga, mpunga wa shamba la chini umeinama vizuri. Baada ya salamu hizo, nina mashtaka.

Ulituma habari kwamba binamu yetu wa Pekanbaru anatafuta mtu wa kusimamia hoteli yake ya wali, na kwamba mume wa binti yangu, Sutan Pamenan, anafaa, ila hutamwondoa mpaka nitamke mimi. Umefanya vema kuuliza. Nyumba ni yangu, yeye tulimleta humu kwa ngoma kama wakwe wote wanavyoletwa. Binti yangu Yusnimar, ambaye ukunga wake hauna saa ya kutoka wala ya kurudi, anasema, "Mama, amua wewe." Sutan naye kamwambia mkewe, "Wakisema niende, nakwenda." Basi neno limebaki kinywani mwangu, na neno lenyewe ni hili: aende.

Ninakuandikia wewe kwa sababu desturi yetu unaijua, mama mkwe na mkwe hawaambiani mambo mazito uso kwa uso. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi wake, mimi namwambia paka, naye Sutan akisikia anapunguza. Lakini haya ya leo ni mengi mno kwa paka. Anayeshika kalamu ni Mardiana wa duka la dawa, maana mimi shule niliipitia kwa nje tu nikipeleka bata sokoni. Nimemwonya asinitengenezee maneno.

Mashtaka yangu ni haya:

1. Nywele. Unajua Sutan hutarizi nguo za maharusi hapa hapa nyumbani. Vidole vile vya kutarizi amevihamishia kwenye vichwa vya wajukuu zangu. Wirda, mwenye miaka minane, anakwenda shule na misuko iliyozunguka kama ukingo wa sinia la harusi. Nilam, wa miaka mitano, anataka wa kwake uwe na samaki, naye anamsuka samaki! Wanawake wakipita wanasimama chini ya ngazi yangu: "Bi Rosna, huyu kasukwa na nani?" Nami niseme nini? Niseme baba yake? Ijumaa iliyopita wamekuja na watoto wao wenyewe, wamepanga foleni ngazini. Kichwa cha mtoto katika nyumba hii ni kazi yangu tangu Yusnimar hajaota meno. Nilipomshika Nilam nimsuke mimi, kanitazama kwenye kioo akasema, "Bibi, wewe unasuka kama unang'oa magugu."

2. Kibanda cha kahawa. Mwanaume kwenda kibandani kupiga dhumna na kuisema serikali, hilo ni haki yake, hata baba yetu alikuwa haonekani nyumbani. Lakini Sutan anakwenda nao! Mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Wanapewa chai ya yai, wanakaa katikati ya wazee, wanajifunza. Wiki hii Mzee Kari alikuja kwangu kuomba bata wa harusi ya binti yake. Akaanza kama watu wenye adabu wanavyoanza, kwa mvua, kisha afya ya nyati wake, kisha safari ya Makka ya shemeji yake. Nilam alikuwa ameketi kitini, goti moja juu kama dereva wa lori. Akampigia meza: "Mzee Kari, cheza au pita!" Mzee Kari kashtuka, kasema, "Basi naomba bata kumi." Mazungumzo ambayo kwa heshima hula asubuhi nzima yaliisha kabla maji hayajachemka. Nilipata nafasi ya kulala kidogo, lakini nililala kwa aibu.

3. Wali unaolia. Sisi sote tulilelewa hivyo, mtoto akibakiza wali anaambiwa wali unalia. Nimemwambia Nilam vivyo hivyo. Kainama, kaweka sikio kwenye sahani. "Bibi, haulii." Mzazi mwenye akili hapo angemkazia macho. Sutan naye kaweka sikio! Kasikiliza kwa makini kama daktari, kasema, "Nadhani umelala." Basi wali ule ukafunikwa kwa ushungi wangu wa kusalia, ukaimbiwa mpaka ulipopoa, na mimi mwenyewe nikazuiwa kuosha vyombo kwa sababu napiga kelele.

4. Hili ndilo baya. Wirda alimwaga wino juu ya nguo ya bi harusi wa watu. Sutan akamfokea. Nikafurahi, nikasema leo amekuwa baba. Sikumaliza kufurahi. Akamfuata kwenye banda la bata alikojificha, akachuchumaa kwenye uchafu wote ule, na masikio yangu yakasikia: "Baba amekosea kukufokea hivyo. Unisamehe." Mwanaume mzima, Datuk, mwenye cheo cha Sutan! Na Wirda akamjibu kama hakimu: "Nimekusamehe, lakini usirudie."

5. La tano nimelisahau, ila lilikuwa la kuudhi sana. Mardiana, acha nafasi hapo.

6. Sasa nisikilize wewe kama mkuu wa ukoo, maana hili linakugusa. Katika nyumba yetu wasichana waliobaki ni hawa wawili. Waume zao tutawatafuta sisi, tutawaleta sisi. Lakini mwezi uliopita kwenye sherehe ya kutahiriwa kwa mtoto wa jirani yetu Zubir, wanawake wakawa wanatania, "Wirda, huyu ndiye bwana wako." Wirda akamkabili yule mtoto: "Wewe ukikosea, unasemaje?" Mtoto kasema, "Mimi sikosei." Naye: "Basi nenda kwenu ukakosee kwanza, ndiyo uje." Yule mvulana alilia mpaka akanyimwa keki. Unaona tunakoelekea? Kila mwanaume atapimwa kwa Sutan na kila mmoja atapelea. Hawataolewa. Wasipoolewa hawatazaa. Wasipozaa, mashamba yetu yatakwenda kwa wale jamaa wa ng'ambo ya mto wenye macho marefu, na cheo chako cha Datuk, ambacho hurithiwa kwa upande wa binti zetu tu, kitakosa kichwa cha kukaa. Kilemba chako kitaliwa na nondo. Ukoo mzima kuzimika kwa sababu mtu mmoja kaomba radhi kwenye banda la bata!

Na usijifiche nyuma ya kilemba hicho. Wewe ndiye mjomba mkubwa, wewe ndiye ulipaswa kuwafunza hao watoto. Nilam nilimuuliza kama anamjua Datuk. Kasema, "Ndiyo, ni yule anayemaliza nyama ya rendang."

7. Juzi Nilam aliteleza ngazini. Mimi nilikuwa pale chini, mikono nimeshaifungua. Akanipita. Alinipita kama inavyopitwa nguzo ya nyumba, akaenda kulilia shingoni mwa baba yake. Hapo sina la kuongeza.

Marehemu mume wangu alijua mwenendo wa mwanaume. Alikwenda Jakarta kuuza vitambaa, akirudi Idi kwa Idi na sanduku la zawadi. Akiingia, Yusnimar anajificha nyuma ya saruni yangu, ananinong'oneza, "Mama, huyu mjomba atalala hapa?" Ndivyo inavyotakiwa. Nyumba ilikuwa na utulivu. Na alipofia huko huko, Yusnimar alilia kwa sababu aliniona mimi ninalia.

Kwa hiyo, Datuk, kwa unyenyekevu wote wa dada yako mkubwa, naomba Sutan Pamenan apelekwe Pekanbaru upesi, akasimamie sufuria za binamu. Atume zawadi. Arudi Idi akiwa mnene na mgeni, kama wenzake. Wajukuu wangu watarudishwa mikononi mwangu, nami nitawafundisha kunyamaza, kukaa magoti pamoja na kuogopa wali.

Nisalimie mkeo na umwambie kile chungu changu bado nakikumbuka. Nisalimie mashemeji, imamu, na yule kuku wako mwenye jicho moja kama hamjamla. Huku Mzee Kari anakusalimu, bata wake wamekubaliwa.

Mimi dada yako, nisiye na kinyongo na mtu,
Rosna

Baada ya kumaliza: Mardiana alipita leo kuchukua barua akaipeleke, nimemrudisha aketi tena aandike.

Jana Sutan alikwenda Pekanbaru kuangalia tu chumba atakachopangiwa akiambiwa aende, na huko akalala. Asubuhi watoto waliamka bila kuitwa. Walikuja kwangu wenyewe, wakakaa mbele yangu niwasuke. Nilivuta, Datuk, kwa makusudi nilivuta. Nilipomaliza wakasema tu, "Asante, Bibi." Walikula wali wote, wakaosha sahani bila kugonganisha, wakaketi barazani ubavu kwa ubavu, magoti pamoja, mikono mapajani. Mchana ukafika, bado wamekaa. Nikawaletea chipsi za muhogo zenye pilipili, wakachukua moja moja.

Nikasema, "Nyie mna homa?"

Nilam akamtazama dada yake. Wirda akasema, "Bibi, tukikaa hivi mpaka kesho, atarudi?"

"Nani kawaambia ameondoka kwa ajili yenu?"

"Wewe, Bibi. Ulikuwa ukimwambia dada Mardiana hapa hapa. Tulikuwa huku chini ya nyumba, kati ya nguzo, tunahesabu mayai ya bata. Ulisema nywele zetu, ukasema wali wetu, ukasema na meza."

Mardiana hapa anajipangusa macho na kuniharibia karatasi. Mimi sikulia, nilikwenda kupalilia pilipili ambazo hazikuwa na magugu.

Basi sikia, na usinibishie. Niliomba nyumba yenye utulivu, nimeipata siku moja, na sijawahi kuogopa kitu hivyo tangu nizaliwe. Sutan haendi popote. Mwambie binamu atafute mtu mwingine, yuko yule mtoto mkubwa wa Zubir, anakula na kulala tu. Mashtaka yangu ni ya kweli yote, silifuti hata moja, na lile la tano nikilikumbuka nitakuletea mwenyewe. Ila aende? Hapana.

Sasa heshima yangu. Mimi siwezi kumwambia, na Sutan asijue kwamba neno limetoka kwangu. Sema ni wewe uliyekataa, sema ukoo una kazi naye. Mimi nitanuna mbele ya watu siku kadhaa, nikikulalamikia, nawe utavumilia, umeshapata kuvumilia mabaya zaidi kutoka kwangu.

Barua hii Mardiana anakuletea leo hii, na gari la Sutan linafika kesho adhuhuri. Uje wewe mwenyewe, acha kutuma watu. Simama sebuleni umwambie kwa sauti kubwa, maana mimi nitakuwa jikoni, mlango nitauacha wazi, na watoto wote wawili nitakuwa nimewapakata.