Mama Kiboko Amefufuka Bila Ruhusa Yangu

Leo nimeaibika mbele ya darasa la nne. Nawasimulia mwenyewe kabla watoto hawajafika majumbani kwenu kuwasimulia.

Nyie mnanijua. Shule niliishia la tatu, nikaenda kulima tumbaku ya watu. Leo nina mashine ya kukoboa mpunga Usevya na vitabu viwili vya watoto vyenye jina langu. Vilianzia hapo hapo mashineni. Akina mama wanasubiri zamu, watoto wanalia, mimi nawapa hadithi wanyamaze. Binti yangu Neema akawa anaandika. Mimi nasema, yeye anaandika. (Kwenye jalada nipo peke yangu. Nilitaka hivyo.)

Kitabu cha pili ni cha mtoto wa kiboko na mama yake. Kiangazi, maji yamekwisha, limebaki tope, mama amenasa. Kabla hakijachapwa Neema aliniletea karatasi zote.

"Baba, soma mpaka mwisho ndiyo usaini."

Nikasaini. Akauliza kama nimesoma. Nikamwambia mara mbili. (Nilisoma jina langu. Hilo kweli nililisoma mara mbili.)

Sasa leo shule moja ya Nsemulwa imenialika. Wakikipenda, kitabu kinaingia darasani, na mimi nahesabika mwandishi, siyo mzee wa mashine tu. Nimevaa koti. Neema amekaa nyuma. Watoto wakasimama wote: "Shikamoo mwandishi." Nyie, mimi niliyetoka shule nalia, naamkiwa hivyo ndani ya darasa. Nikavuta koti vizuri.

Mwalimu akasema watoto wamekisoma wiki nzima, wana maswali. Kasichana ka mbele kakanyoosha kidole.

"Babu, mama kiboko alipotoka kwenye tope alipita njia gani?"

"Hakutoka. Alikufa."

Kasichana kakafungua kitabu. "Alitoka. Ukurasa wa mwisho."

"Mjukuu wangu, hiki kitabu ni changu. Alikufa pale pale, tumbusi wakaja."

Mmoja dirishani akaanza kulia. Sauti nyingine ikasema, tena siyo kwa kunong'ona, "Huyu siye aliyeandika."

Hapo nikapandwa na hasira. (Mtu mwenye akili angeomba maji ya kunywa.) Nikasema, leteni hicho kitabu niwasomee.

Nikakishika. "Ma-ma ki-bo-ko..." Jasho ndani ya koti. Neno la tatu refu kama treni. "A-ka-ji..." Nikakwama. Darasa zima likaitikia kwa pamoja, taratibu, kama wanavyomsaidia mwenzao: "kwa-mu-a." Nami nikafuata: "kwa-mu-a." Wakanivuta silabi kwa silabi mpaka nukta. Na kweli, mama kiboko yupo hai, amesimama na mwanawe. Hata picha ipo. Hata picha sikuiangalia.

Mwalimu, kwa mazoea yake tu, akasema, "Mpigieni makofi, amejitahidi. Haya, kaa chini."

Nikakaa. Kwenye dawati. Magoti yamegota mbaoni.

Neema akaja akakaa pembeni yangu.

"Kwa nini umemfufua?" nikamuuliza.

"Baba, ile hadithi ulikuwa unanisimulia mama akiwa amelazwa. Kila siku mama kiboko anakufa. Nikasema siku nikiiandika mimi, atatoka."

"Ungeniambia."

"Nilikupa karatasi. Ukasema mara mbili."

Siku zile sikujua kama naye analia. Mimi nilikuwa naona nawanyamazisha watoto. (Mama yake alipona, msihuzunike. Yupo jikoni, anacheka tangu nimerudi.)

Kasichana kale kakanifuata dawatini. "Babu usijali. Mimi mwaka jana nilikuwa nasoma hivyo hivyo."

Kitabu wamekichukua. Mama kiboko abaki hai, nimekubali. Ila mwalimu ameniomba nirudi Ijumaa niwasomee tena, na amenipa kazi ya nyumbani: ukurasa wa mwisho, kwa sauti. Toleo lijalo nimesema jina la Neema liwekwe juu, langu chini yake.

Haya yote nimeandika mwenyewe kwa kidole kimoja, Neema hajagusa simu. Na safari hii kabla ya kutuma nimesoma mara mbili.

Haya, mara moja na nusu.