Unyoya wa Jogoo Ndani ya Kompyuta

Jumamosi, 4 Agosti 2001

Baridi. Mlima Meru umejifunika tangu juzi, hautaki kutuona.

Kompyuta nayo hivyo hivyo. Leo nimeipima. Nimeiwasha, nikaenda bandani, nikakamua ng'ombe, nikarudi, nikabandika maziwa. Maziwa yakachemka, yakafurika, yakazima moto. Kwenye kioo bado kile kichupa cha mchanga cha kukuambia subiri! Ng'ombe mwenye mimba ya miezi minane anainuka haraka kuliko huyu.

Ila ni yetu. Hapa mtaani kwetu Kimandolu, nyumba yenye kompyuta sebuleni ni hii peke yake. Mwanangu Gadiel anaendesha watalii, na kampuni yao ilipoleta mpya, hii akapewa yeye, akaniletea. Nimeivisha vitambaa vitatu nilivyofuma mwenyewe: cha kioo, cha boksi na cha vibonyezo. Kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi.

Shida ni moja. Mjukuu wangu Jackline, binti wa Gadiel, anakaa kwangu na anasomea ualimu. Ijumaa saa tisa alasiri ripoti yake iwe chuoni, imechapwa, la sivyo anarudia mwaka mzima. Ripoti ni ya mfereji wa maji wa kwetu mlimani, ule waliouchimba baba zetu. Kurasa kumi na nane ziko tayari, bado nne. Kila ukurasa akimaliza ananisomea. Namrudisha asome tena mpaka mara tatu, maana ni watu wangu wanaotajwa. Sipendi ukurasa wa kumi na nne tu. Hapo anasema jiwe la kwanza la banio, pale maji ya mto yanapoingilia mferejini, liliwekwa na Mzee Ndesanjo. Ndesanjo ni baba yake Agnela.

Agnela ni jirani yangu. Tumetoka kijiji kimoja, tumechota mfereji mmoja, na ndoo yangu ndiyo ilikuwa inajaa kwanza. Leo mbele ya kina mama wa usharika kasema Jackline apelekwe dukani kwa mwanawe Dismasi, kuna kompyuta mbili na mashine ya kuchapa. Nikamwambia asante, kwangu ipo. Akasema anajua ipo, anaisikia ikikoroma mpaka kwake. Wakacheka! Mama mchungaji naye!

Sawa. Hii kompyuta itakimbia.

Jumapili, 5 Agosti

Baada ya ibada nimemkamata Dismasi mlangoni mwa kanisa. Kaniamkia vizuri, shikamoo mama mkubwa. Ana adabu, sijui kaitoa wapi. Nikamuuliza habari za mtu fulani wa sebuleni kwangu, mzito kuamka. Akatabasamu. Kasema kuna mambo matatu. La kwanza vumbi, afunguliwe apanguswe. La pili joto, huyo mtu avuliwe vitambaa apumue. La tatu tumbo limejaa: vitu visivyotumika vitupwe kwenye lile pipa la taka la kwenye kioo, halafu pipa limwagwe.

Akaongeza kwamba Jackline awepo wakati wa kutupa.

Mambo matatu nimeyashika. Hilo la nne halikuwa kwenye hesabu.

Jumatatu, 6 Agosti

Vumbi! Jackline kaenda chuoni. Nimefungua boksi kwa kisu cha ndizi. Wee! Mna vumbi la Serengeti nzima. Nikamkamata jogoo, nikamng'oa unyoya mmoja mrefu wa mkia, nikapangusa taratibu kama ninampangusa mtoto sikio. Nimetoa mjusi mkavu, karanga mbili na kifungo cha shati la mzungu. Jogoo amenuna. Nimemwambia ametoa mchango kwa elimu.

Nimefunga, nimewasha. Maziwa yamechemka lakini hayakumwagika! Sikusoma shule hata siku moja. Herufi nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, nina watoto sita na wa saba mgongoni. Na leo nimetibu kompyuta.

Joto sasa. Vitambaa sivui. Nimechukua ungo nikaipepea saa nzima. Jackline kanikuta. Kauliza bibi unafanya nini. Nikamwambia napepeta mahindi. Kasema mahindi yako wapi. Watoto wa siku hizi wanauliza sana. Akavua vitambaa akavikunja. Alipokwenda kuoga nikavirudisha.

Meza nayo ilikuwa inacheza. Nimepata kitu kwenye droo, cheusi, bapa, kigumu, ukubwa wa kiganja. Nimekisukumiza chini ya mguu wa meza. Imetulia kabisa.

Jumanne, 7 Agosti

SIKU YANGU!

Nimeamka na jambo la tatu, tumbo. Jackline kaondoka, nimenawa mikono, nimekaa. Kutupa najua, nimemwangalia: unakishika kitu na ile panya, unakiburuta mpaka kwenye pipa, unaachia.

Kioo kimejaa vitu, vimejipanga kama wageni wa msiba siku ya nne. Wanakula, hawalimi. Sikutupa ovyo, mimi si mtu wa ovyo. Nimekaa nikavitazama tangu saa mbili mpaka saa tano, nione nani anafanya kazi. Hakuna hata kimoja kilichojitikisa! Ule mchezo wa karata peke yake ndio ninaoujua kwa bidii, maana naucheza kila siku. Nimeubakiza.

Kisha namba. Gadiel alinieleza zamani, kampuni iliacha humo hesabu za magari yao, kila gari na namba yake. Namba mpaka basi! Nimeziburuta zote. Moja moja. Nyingine ilikuwa inarudi nyuma, nikaishika shingo. Pipa likajaa. Nami silali na taka ndani ya nyumba, mama yangu hakunilea hivyo. Nikalimwaga. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikaiambia kwa sauti, ulimwona nani hapa anayeyumba?

Nimezima, nimewasha. Sijafika mlangoni, imeamka! Maziwa hata hayajapata uvuguvugu! Nimepiga kigelegele. Agnela kachungulia uani kwake kuuliza nani kajifungua. Nikamwambia aje asikilize kama kuna mtu anakoroma.

Jioni. Jackline karudi. Nimemwonyesha. Kafurahi, kanikumbatia. Kisha kakaa, kaanza kutafuta. Katafuta sana. Akaniuliza kwa sauti ndogo iko wapi S0417.

Nikamwambia lile gari nimelitupa.

Si gari. Ni namba yake ya mtihani. Ndiyo ripoti.

Akasema haidhuru, ipo nakala kwenye flopi. Akafungua droo. Hakuna. Nikamuuliza flopi inafananaje. Kasema nyeusi, bapa, ngumu.

Tukainua meza wote wawili. Flopi imepasuka katikati.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

Jumatano, 8 Agosti

Nane Nane. Maduka yamefungwa. Dismasi na mama yake wako Njiro kwenye maonyesho, wanatazama ng'ombe wa watu. Kwa mara ya kwanza nimemhitaji Agnela, hayupo. Ndivyo alivyo.

Jackline hajanywa chai. Kalala kageukia ukuta. Daftari zake za mahojiano kaziacha kwa wazee mlimani, kaandika akawakabidhi, kwa heshima. Heshima nayo ina hasara zake.

Nimetoka uani, nimekata jani la sale. Kwetu ukipewa sale, umeombwa msamaha, huwezi kukataa. Miaka yangu sabini na moja nimepelekewa masale mengi. Mimi mwenyewe kumpelekea mtu, tena mtoto niliyembeba! Magoti yameuma, ila nimepiga goti. Nimeweka jani kwenye mto wake. Nimemwambia, mjukuu wangu, nimekosa.

Akalia. Nami nikalia. Tukanywa chai.

Kasema kurasa kumi na nane haziwezi kuandikwa upya kwa siku mbili, hazikumbuki. Nikamwambia hazikumbuki yeye, kasoma shule. Wenye daftari husahau kwa sababu daftari linawakumbukia. Mimi nimezaliwa bila daftari. Nikakaa wima, nikafunga macho, nikaanza: "Sura ya kwanza. Mfereji huu una umri unaozidi umri wa wazee wote niliowahoji, nao wanauita mama, kwa sababu hauchagui mtoto wa kumnyonyesha." Nikaenda mpaka mwisho wa ukurasa wa pili bila kumeza mate.

Jackline kaacha kikombe mezani, kakimbilia kompyuta. Ikaamka hapo hapo! Nani kaiwahisha? Sisemi.

Mpaka jua linazama, kurasa kumi na moja.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimeanza kutaja alfajiri, ninakamua. Yeye kakaa dirishani na vibonyezo mapajani, mimi napaza sauti kutoka bandani. Ng'ombe kaujua mfereji wote.

Ukurasa wa kumi na nne. Nikakohoa. Nikasema jiwe la kwanza la banio liliwekwa na Mzee Solomoni.

Vidole vikasimama. Kaniambia bibi, sivyo nilivyoandika. Nikamwambia kumbukumbu imeteleza kidogo, na Solomoni alikuwa baba yangu, alikuwa na mikono mikubwa, angeweza. Kasema wazee wanane wamemtaja Ndesanjo. Nikamwambia wazee wanane hawakuwepo. Kasema hata mimi sikuwepo.

Nikamkumbusha nani hapa ana ripoti kichwani. Akanikumbusha nani hapa ana vibonyezo.

Akaandika. Sijui kaandika nini, alikigeuza kioo. Nikaendelea, mtu mkubwa hagombani. Jioni kamaliza zile nne zake. Ishirini na mbili! Ndani ya siku mbili! Niletee profesa mmoja aliyefanya hivyo na ng'ombe wa kukamua.

Ijumaa, 10 Agosti

Hatuna mashine ya kuchapa. Jambo hili sikulisema sana kwa kina mama.

Saa tatu tulikuwa dukani kwa Dismasi, Jackline na flopi mpya, mimi na kitenge changu kizuri na shingo ndefu. Agnela yupo, kakaa kwenye benchi anasubiri nianguke. Karatasi zikaanza kutoka. Anazipanga yeye, akijifanya anasaidia. Anasoma. Na yeye ni wa kisomo, tulikaa ubao mmoja.

Akafika mahali akasimama. Akasogeza karatasi karibu na macho. Midomo ikatikisika. Akasoma kwa sauti, jiwe la kwanza la banio liliwekwa na Mzee Ndesanjo, na la pili, lililolishikilia la kwanza lisichukuliwe na maji, na Mzee Solomoni.

Nikamtazama Jackline. Jackline kaitazama mashine. Baadaye kaniapia kwamba la pili nalo wazee walilisema, alikuwa kalisahau.

Agnela kaja kunikumbatia. Agnela! Kalia begani kwangu mpaka kitenge kimelowa. Kasema baba yake hajawahi kuandikwa popote, hata msalaba wake jina limefutika. Kasema asante Namnyaki, najua ni wewe umemwambia mtoto aandike.

Ningemkatalia vipi mtu anayelia? Nikamwambia ni kweli, haki lazima isemwe.

Jackline kaifikisha chuoni saa saba na nusu. Mwalimu kaipokea, kasoma mstari wa kwanza kasimama nao, kauliza nani kasema mfereji ni mama. Jackline kasema ni bibi yake, hajasoma.

Nimeandika hapa ili isipotee: hajasoma!

Jumapili, 12 Agosti

Kanisani nimekaa mbele. Agnela pembeni yangu. Kina mama wote wamesikia jinsi kompyuta ya kwangu ilivyofufuka. Habari za flopi sikuwachosha nazo. Kompyuta nimeifumia kitambaa cha nne, kizito, cha sufu, maana mlima bado umejifunika.

Baada ya ibada Agnela kaninong'oneza kwamba zile mbili za dukani zimeanza uzito. Dismasi anakwenda Moshi kesho, anarudi Jumanne. Angependa kumshangaza mwanawe. Je, ningekuwa na nafasi?

Nimepita kuchungulia. Maskini! Vumbi lipo, vitambaa havipo hata kimoja. Na kioo kizima namba, S hii, S ile, kama arobaini hivi, zimejikalia tu. Nimezitazama robo saa. Hakuna hata moja iliyojitikisa.

Agnela kanipa ufunguo wa duka. Jogoo kaniona nikija, kapanda juu ya mti.