Mtoto wa Kukata Tiketi

Siku ambayo Idd Nasir aliamua kuacha utapeli, alikuwa amekaa kwenye kibanda cha samaki ufukweni Kisumu, akinyonya kichwa cha ngege na kutafuta mtu wa mwisho wa kumtapeli. Tusimcheke. Hata mwalimu haachi kazi katikati ya muhula. Idd alikuwa na miaka hamsini kasoro mmoja, goti la kushoto lilimuuma kila mvua ikinyesha, na bado alilala sebuleni kwa dada yake Laila kule Kaloleni, kwenye kochi lililokuwa fupi kuliko yeye. Hakuwa na mke wala mtoto wala kiwanja. Alikuwa na akiba moja tu benki, jasho la miaka mingi ya kuwauzia watu vitu visivyokuwepo. Akipata dili moja nono ya kuongezea hapo, angejenga vyumba viwili vya kupangisha, akae mlangoni azeeke kwa heshima. Jambo hilo alilitaka mno, hadi alikuwa akiliombea dua.

Meza ya pili walikaa mzee mmoja mwenye kofia ya pama na mkewe. Simu ya mzee ililia kabla hajamega ugali.

"Sikia Amolo, karo ya mtoto nilitoa Januari... Aa-a. Hapana... Sasa kanisa ikivuja, mimi ndio bati?"

Akakata. Ikalia tena. Mara hii palikuwa na msiba, na kamati ya mazishi ilikuwa ikimngoja mwenyekiti wake, ambaye alikuwa yeye. Mzee akaizima simu, akaifunika na bakuli la mboga ili isimtazame.

"Mama Debra," akamwambia mkewe, "mimi nilistaafu serikali, lakini ukoo imekataa kunistaafisha. Nataka kuenda nchi ya mbali. Mahali yenye nikiona simu inalia, najua ni wrong namba."

Idd akaacha kunyonya kichwa. Akanawa mikono, akajipuliza marashi kidogo, akasogea na faili lake kwapani.

"Shikamoo, Mzee."

"Ee, marahaba," mzee akajibu kwa mshangao, kwa kuwa salamu hiyo haimfikii mara kwa mara upande huu.

"Samahani sana. Sikuwa nasikiliza, ni masikio tu yalikuwa wazi. Mimi ni wakala wa wastaafu. Napeleka wazee wa heshima kustaafu ng'ambo, msimu au moja kwa moja."

"Ng'ambo gani?"

"Yoyote, Mzee. Wewe chagua tu."

Akafungua faili. Ndani mlikuwa na dunia nzima, iliyokatwa kwa makasi kutoka kwenye kalenda za zamani. Idd mwenyewe hakuwahi kufika nje ya nchi zaidi ya Busia, na hata mpaka huo aliuvuka kwa sababu alikuwa akikimbizwa.

Walianza na Kanada. Mama Debra aliitazama ile theluji kwa huruma. "Na nguo inakauka aje hapa?" Kanada ikafungwa. Ikaja Malaysia.

"Huko watu wanakula nini?"

"Wali, mama."

"Na asubuhi?"

"Wali pia."

"Kama ni mchele, si nikae tu Ahero kwenye unalimwa?"

Malaysia ikaondoka. Kisha Idd akatoa picha ya Mauritius, wazee wawili wamekaa kwenye benchi wakitazama bahari. Mama Debra akaishika picha hiyo kwa muda mrefu.

"Hawa wanangoja nani?"

"Hawamngoji mtu, mama. Wamestaafu. Hicho ni kijiji cha wastaafu kabisa."

"Na hakuna mtu anakuja kuwaomba kitu?"

"Hata mmoja."

Mama Debra akapumua kwa nguvu. Mzee akasema, "Tunaenda." Hakuuliza bei. Mtu mwenye akili timamu angelipia samaki wake wakati huo na kwenda zake nyumbani, maana katika biashara hii mteja asiyeuliza bei ni wa kuogopwa kuliko askari. Lakini Idd alikuwa amechoka, na uchovu humfanya mtu aamini bahati.

"Iko tu shida kidogo," mzee akasema, akijichokoa mwiba. Jina lake alikuwa ameshalisema, Mzee Oyugi wa Pap Onditi. "Mungu alinipa wasichana wanne, wote wameolewa. Sina kijana. Na dala, hii boma yangu, haiwezi kubaki hivi hivi bila mwanaume. Wazee wakisikia naenda, watanifungia barabara."

Idd alikulia Kaloleni, kati ya Waswahili na Wanubi na kila kabila lililoshukia hapo kutoka kwenye treni. Kijaluo cha sokoni alikijua vizuri. Mila za boma alizijua kwa kuzisikia tu zikitajwa kwenye matanga ya watu wengine.

"Si mnataka tu mtu wa kusimama pale kama mtoto?" akauliza.

"Hiyo tu."

"Siku ngapi?"

"Sherehe ni siku moja." Mzee akamtazama juu chini. "Baba yako yuko?"

"Alifariki nikiwa mdogo."

"Woi. Pole sana, nyathina."

Nyathina ni mwanangu. Neno hilo lilimgusa Idd mahali ambapo hakutarajia kuguswa, naye akalifukuza haraka, maana alikuwa kazini.

"Na malipo ya kijiji, Mzee?"

"Pesa ya mkono sina. Lakini dala ni ekari nne, na iko kando ya lami. Ukishasimama kama mtoto mbele ya wazee, inabaki kwa mkono yako. Sisi tukifika huko, wewe uza, lipa hiyo kijiji, zenye zimebaki unatutumia polepole."

Idd akanywa maji. Akanywa tena. Vile vyumba viwili vya kupangisha vikazaana kichwani mwake, vikapandiana, vikawa ghorofa.

"Ila kimila," Mzee Oyugi akaendelea, "mzee hawezi kujikatia tiketi ya kutoka dala yake. Hiyo ni kujifukuza. Mtoto ndio anakata."

Idd akamtazama Mama Debra, naye akatikisa kichwa kukubali, kwa uzito wa mtu aliye kanisani.

Mimi nimekaa kando ya ziwa hili miaka mingi na sijawahi kuisikia mila hiyo. Mama Debra alikuwa ameisikia wakati huohuo. Hata Mzee Oyugi ndiyo kwanza alikuwa anaisikia, ikitoka kinywani mwake mwenyewe.

"Anakata ya kwenda na kurudi," mzee akaongeza alipoona njia ni nyeupe. "Ya kwenda tu inaleta mkosi. Tena mtoto hawezi kulala chini ya paa ya baba. Analeta mabati yake, anajenga simba, nyumba ya kijana. Na ng'ombe mmoja, jike. Si lazima awe mkubwa."

Laila alifanya kazi kwenye saiba ya intaneti mjini, na ndiye aliyeagizwa kutafuta tiketi. Aliacha kubonyeza, akamgeukia kaka yake.

"Wewe ndiye unamlipia nauli mtu unayemwibia?"

"Huo ni mtaji."

"Idd, mimi naona huyo mzee amekubali haraka sana."

"Laila, hii kazi nimeifanya miaka ishirini."

"Na bado unalala kwa kochi yangu."

Alibonyeza hata hivyo. Akiba yote ya Idd ikaingia kwenye tiketi mbili za kweli kabisa, mabati ya kweli na ndama jike wa rangi ya chai, ambaye alikuwa bidhaa ya kwanza halisi kupita mikononi mwa Idd tangu aanze kazi. Aliona uchungu. Akajifariji kwa kutaja kimoyomoyo ekari nne, ekari nne, mpaka Pap Onditi.

Sherehe ilifanyika Jumamosi asubuhi. Idd alitangulia na jogoo mkono mmoja na shoka mkono mwingine, viatu vyake vyenye ncha vikizama kwenye matope, nyuma yake wanawake wakipiga vigelegele. Jaduong' Zadock, mzee aliyekuwa binamu wa Oyugi na msemaji wa ukoo, alikuwa amesikia kwamba kijana ni Mwislamu, na hakuona tatizo hata kidogo.

"Mungu ni moja," akatangaza. "Tena hii ni baraka. Huyu sasa ndio atakuwa anatuchinjia kwa kila shughuli, ndio hata wageni Waislamu wakule."

Watu wakapiga makofi. Idd naye akapiga makofi, bila kuuliza shughuli zenyewe ni ngapi kwa mwezi. Mzee Oyugi akasimama, akamshika bega na kusema kwa sauti kubwa kwamba huyu ni Idd wuod Oyugi, mtoto wa hii dala, na kila jambo lililokuwa likimjia yeye Oyugi, tangu leo limjie huyu. Ukoo mzima ukashusha pumzi. Walikuwa na hofu tangu waliposikia habari za safari, kwa kuwa Mzee Oyugi alikuwa ndiye mwenye pensheni pekee kutoka mtoni hadi sokoni, na sasa alikuwa amewaachia mtu mzima, mwenye suti.

Idd alikula mara tatu. Akina mama walimwita baba, wakamuuliza anapenda uji wa aina gani. Haya hayakuwa kwenye mpango, na nasikitika kusema yalimfurahisha.

Siku ya safari ukoo ulikodi lori hadi uwanja wa ndege wa Kisumu. Idd alilia vizuri sana langoni. Mzee Oyugi alimkumbatia, akamtilia simu yake ya zamani mfukoni.

"Hii ni laini ya dala," akamnong'oneza. "Usizime."

Ndege haijapotea machoni, Idd akampigia Waliaula, dalali wa mashamba ambaye hakuwa na dhambi nyingine ila haraka. Walifika Pap Onditi pamoja saa tisa. Langoni walikuta viti ishirini vya plastiki, na juu ya kila kiti mtu.

"Hawa ni akina nani?" Waliaula akauliza.

"Majirani."

"Sisi ni wenye dala," Jaduong' Zadock akasema, akimpa dalali mkono. "Karibu. Umekuja na huyu mtoto wetu kuona mahali babu zake wamelala?" Akaanza kumwonyesha makaburi moja baada ya jingine, kwa majina na kwa miaka, kuanzia kwenye lami. Alipofika la kumi na saba, Waliaula alikuwa ameshageuza gari.

Idd angeweza kukimbia. Alijaribu. Mwenye pikipiki wa kwanza alimwambia mtoto wa Oyugi haondoki na kuna msiba kwa Mama Adero. Wa pili alikataa nauli yake na kumrudisha hadi mlangoni, kwa heshima zote. Angerudi wapi, tena? Akiba ilikuwa imekaa juu ya paa, na nyingine ilikuwa ikila nyasi. Ile simu ikaanza kulia. Amolo alitaka karo. Kanisa lilikuwa linavuja. Kamati ya mazishi ilikuwa inamngoja mwenyekiti.

Laila alikuja kumtembelea baada ya miezi miwili. Alimkuta chini ya hema la kikao cha mazishi, amevaa kofia ya pama aliyopewa na wazee, akigombana na mtu aliyetaka sufuria tano badala ya tatu.

"Twende nyumbani," Laila akamwambia pembeni. "Nimeazima gari."

"Ngoja nimalize kikao."

Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wenye picha, Mzee Oyugi na mkewe kwenye benchi, wameshika glasi zenye miavuli midogo. Idd akamsomea dada yake kwa sauti ya chini. Nyathina, tunakaa kwa Debra, ameolewa huku miaka sita sasa. Tulikuwa tunakosa tu nauli na mtu wa kuachia dala. Usikasirike, uko sana kwa maombi yetu. Mauritius ni nzuri, lakini Mama anasema ni kisiwa, unazunguka unarudi palepale. Mwaka ujao anataka Ureno. Anza kujipanga.

Idd alikasirika hadi masikio yakamwaka. Aliwatukana wote wawili kwa Kiswahili safi cha Kaloleni. Kisha akarudia kusoma hapo penye maombi, mara tatu, maana hakuwahi kuwa kwenye maombi ya mtu asiyekuwa Laila, na Laila humwombea akamatwe mapema kabla hajaharibu zaidi. Halafu, polepole, ile akili yake ya zamani ikaamka. Akina nani walikuwa wamekaa hapa mbele yake? Watu hamsini, wote wanampenda mzee.

Akasimama. Akavua kofia.

"Wazee wangu, kabla hatujafunga, kuna jambo. Baba yetu ameandika."

Sijawahi kusikia hotuba kama ile, na waliokuwepo wanasema hivyo hivyo. Aliwaeleza habari za Ureno, jua lake, hospitali zake, na jinsi jina la ukoo litakavyotajwa huko. Aliwaeleza habari za mzee aliyewabeba watu hawa miaka thelathini bila kulalamika. Mama Adero alilia tena, mara hii si kwa ajili ya marehemu wake. Idd akamalizia kwa kuomba iundwe kamati ya mchango. Mikono yote ikanyooka, na Laila, aliyemjua kaka yake, akaanza kucheka kwa fahari.

"Adiera, kweli, umesema vizuri," Jaduong' Zadock akasema, akijifuta macho. "Kamati iko. Mwenyekiti ni wewe." Akaweka sahani ya bati juu ya meza, tupu, akaisukuma taratibu mpaka ikafika mbele ya Idd. "Na vile unajua, mwenyekiti ndio anafungua."

Watu hamsini wakamtazama kwa upendo mkubwa. Idd akamtazama Laila. Laila alikuwa ameacha kucheka, na alikuwa akitafuta funguo za gari kwenye mkoba.

Mwenyekiti akaingiza mkono mfukoni.